Siku ya Kupima Tangi

Lori lilipata pancha karibu na soko la Kariobangi, Jumamosi asubuhi, watu wamejaa hadi barabarani. Lilikuwa limebeba tangi la stenlesi, chuma kile kisichoshika kutu, kubwa kama chumba na linalong'aa. Waithera alisimama mbele yake, akaweka chini kikapu cha sukumawiki, akaanza kurekebisha kilemba chake cha manjano akijitazama kama kwenye kioo.

"Upande wa kushoto umelegea," sauti ikasema kutoka juu.

Akashtuka. Kijana mrefu alikuwa ameketi juu ya lori, suruali pana chini, shati limetobolewa na cheche.

"Na wewe umewekwa huko kuchunga vilemba?"

"Nachunga tangi. Nimelichomelea mwenyewe, lakini sikujua lina kazi nzuri hivi."

"Wangapi umewaambia hayo?"

"Lori hili halijawahi kupata pancha, dada."

Waithera alicheka kabla ya kujizuia. Kijana aliitwa Patrobas Andati, fundi katika karakana moja ya Baba Dogo. Waithera alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha sosi ya nyanya huko Viwandani.

Tangu siku hiyo Andati hakutulia. Kila alipopata nafasi alipiga simu dukani kwa Jama, jirani yao Waithera kule Umoja, na Jama akamwita Waithera kwa kelele mpaka mtaa mzima ukajua.

"Umekula, kipenzi?"

"Nitakulaje na simu zako haziishi?"

"Basi kata."

"Kata wewe."

Hakuna aliyekata. Jama ndiye aliyekata.

Jumapili moja Waithera akampeleka kwa mama yake, aliyekuwa ameapa kwamba hataki mkwe wa kutoka ng'ambo ya Bonde la Ufa. Kufika jioni, mama alikuwa akimwongeza chapati. Lakini Andati alikula bila kumtazama Waithera machoni.

Ijumaa iliyotangulia alikuwa ametumwa kiwandani kwao Waithera kupima nafasi ya tangi jipya. Lile la zamani, lililopikia sosi kwa mvuke wa presha, lilikuwa la chuma cha kawaida, na ukali wa nyanya ulikuwa umelila. Alipoligusa kwenye maungio, kutu ilibanduka kama maganda. Na hapo kando ndipo Waithera alipofanyia kazi. Andati alimwambia msimamizi, ambaye mwenyewe alikuwa na wasiwasi. Jumatatu tangi likafungwa, na akina mama wote wakarudishwa nyumbani mpaka jipya lije.

Simu ya karakana ikalia.

"Andati, ni wewe uliyetufungia kazi?"

"Laazizi, lile tangi lingewaua."

"Jana ulikaa kwetu kutwa nzima. Ukala chapati za mama. Hukunidokezea hata neno moja!"

"Nilitaka—"

"Wenzangu wananitazama kama adui. Usinipigie tena."

Akakata. Andati alipopiga, Jama alimjibu kwa upole kwamba dada amekataa kuja.

Wiki zilipita vibaya. Andati alichomelea tangi jipya, akavunja viungo alivyoviunga, akaviunga tena. Waithera alifua nguo safi, akagombana na ndugu zake, akatoka nje, akarudi. Siku moja akaenda kiwandani kuuliza kama kazi inafunguliwa. Akakuta wanaume wakilikata tangi la zamani. Kipande kimoja kilianguka miguuni pake. Akakiinua. Kilikuwa chembamba kama bati la mkebe, na kikavunjika mkononi.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda Baba Dogo.

Karakana ilikuwa ikilipima tangi jipya. Lilijazwa maji, pampu ikisukuma presha, na mafundi wengine wote walikuwa nyuma ya ukuta wa mawe, lisije likapasuka. Kitonga, mlinzi, akamvuta Waithera ajifiche nao. Ng'ambo ya uwanja, nyuma ya ukuta mwingine, Andati alikuwa peke yake, macho kwenye sindano ya kipimo cha presha.

"Andati! Ungeniambia!"

"Siwezi kuondoka hapa!" akapaza sauti juu ya mngurumo wa pampu. "Niliogopa! Nilijua hata nikikuambia ungeenda kazini hivyo hivyo, nyumba nzima inakutegemea!"

"Ningeenda! Lakini ningeenda nikijua!"

Andati akainua kichwa.

"Nimekosa, Waithera! Sitakuficha tena! Nikuoe?"

"Unasema?"

"Nikuoe?"

"Ndiyo!"

"Sisikii!"

"Nimesema ndiyo!"

"Nini?"

Sindano ikafika alama. Andati akazima pampu.

"NIMEKUBALI, WEWE KIZIWI!" Waithera akapiga kelele katika ukimya mtupu, na karakana nzima ikalipuka kwa vicheko.

Lakini ilikuwa lazima sindano ichungwe nusu saa, kuona kama presha itashuka. Kwa hiyo Andati alibaki upande wake na Waithera upande wake, kila mmoja akichungulia juu ya ukuta, wakitazamana. Hakuna aliyeweza kutulia.