Pumzi za Chelagat

Kila asubuhi, kabla hata ya kuchota maji, Cheruto alikuwa na kazi ya kumwamsha mdogo wake, Chelagat. Haikuwa kazi rahisi. Chelagat alikuwa na miaka saba, lakini wageni walidhani ana minne. Aliamka mdomo wazi, macho mekundu, amechoka kama mtu aliyelima usiku kucha. Darasani alisinzia kila siku, na chakula alikiacha nusu.

Waliishi Salgaa, nyuma ya hoteli ndogo ya mama yao, kando ya barabara kuu ya Eldoret. Usiku malori yalinguruma na mwanga wa taa zake ukapita ukutani. Hayo Cheruto alikuwa ameyazoea. Kilichomtisha kilikuwa kitandani, ubavuni pake.

Chelagat alikoroma kama mzee. Kisha, ghafla, mkoromo ulikatika. Kifua kilihangaika, shingo ikajinyoosha, lakini pumzi haikuingia wala kutoka. Cheruto alihesabu moyoni: tano, nane, kumi na mbili... Halafu mtoto alishtuka, akavuta hewa kwa kishindo kama mtu aliyeibuka majini, akaendelea kulala. Kulipokucha hakukumbuka lolote.

"Ni mizimu ya wale waliokufa kwa ajali hapa barabarani," alinong'ona Mama Kipkemei, jirani yao, Cheruto alipomweleza. "Wanamkalia kifuani. Usilitaje tena jambo hilo, utawaita."

Cheruto akanyamaza. Kila usiku alijifunika blanketi hadi kichwani na kuhesabu gizani.

Usiku mmoja wa Juni 2007, alihesabu hadi ishirini na tano. Taa za lori zilimulika uso wa Chelagat. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Mama! Chelagat hapumui!"

Cheruto alimtikisa kwa nguvu. Mama alipoingia mbio, mtoto alikuwa ameanza kukohoa. Ndipo Cheruto alipoeleza yote huku akilia.

"Tangu lini?" Mama aliuliza.

"Tangu likizo ya Desemba. Niliogopa kuiita mizimu, Mama."

Mama aliketi kitandani. "Hata mimi nilimsikia," alisema polepole. "Nikajidanganya kuwa ni mafua tu."

Asubuhi hiyo hoteli haikufunguliwa. Walienda hospitalini Nakuru, wakamwona Daktari Vidya. Alimsikiliza Cheruto hadi mwisho, akiandika, kisha akammulika Chelagat kooni kwa tochi.

"Njoo uone mzimu wenu," akamwambia Cheruto.

Nyuma ya ulimi kulikuwa na vinyama viwili vyekundu, vinono, karibu vigusane.

"Hizo ni tonsili. Zimevimba, na nyuma ya pua pia kuna nyama iliyokua. Akilala, koo hulegea na njia ya hewa huziba. Mtoto hukua zaidi akiwa katika usingizi mzito. Huyu haupati. Kila mara anaamshwa na kukosa hewa. Itabidi tuzitoe kwa upasuaji."

"Mtamkata shingo?" Mama aliuliza.

"Hapana, mama. Tutapitia mdomoni, na atalazwa usingizi kwa dawa. Hatasikia uchungu wakati huo."

Upasuaji ulifanyika Julai. Chelagat alinyweshwa uji uliopoa kwa siku kadhaa, akalia kila alipomeza.

Juma la tatu, Cheruto aliamka usiku. Kimya. Hakukuwa na mkoromo. Alihesabu thelathini, arobaini. Akanyoosha mkono taratibu hadi kifuani pa mdogo wake. Kifua kilipanda. Kikashuka. Kikapanda tena. Cheruto akacheka peke yake, machozi yakimtiririka.

Desemba, walirudi kwa Daktari Vidya. Chelagat alikuwa amerefuka sentimita tano na kuongeza kilo tatu.

"Kazi ya kisu ilikuwa yangu," daktari alimwambia Cheruto, "lakini wewe ndiwe uliyesema. Aliyekuambia unyamaze hakukutakia mabaya, ila kimya kile kingemuua mdogo wako. Jambo likikutisha usiku, liulize mchana, na umuulize anayelijua."

Mama aliinamisha kichwa. "Funzo hilo ni letu sote, daktari," akasema.

Chelagat hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa mlangoni, akimvuta Mama mkono na kulalamika kwamba njaa inamuuma.