Magadi ya Sixten

Kila asubuhi, kabla ya kahawa, Majken alimshika mumewe mkono. Hayakuwa mahaba. Alikuwa akihesabu mapigo ya moyo, macho kwenye saa ya ukutani.

"Mia na kumi na mbili," alisema. "Na umekaa tu, Sixten."

"Ni wewe, mama. Bado unanisisimua."

"Ndiyo msisimko huo uliokuangusha kwenye theluji?"

Wiki iliyopita Sixten alianguka kando ya kuni, akawa mweupe kama shuka. Daktari alimwambia aache ugoro, au aanze kwa kupunguza. Sixten alikuwa akiubana chini ya mdomo wa juu tangu ana miaka kumi na sita. Alijitengenezea mwenyewe, kama baba yake. Unga wa tumbaku, chumvi na maji vilikaa siku nzima ndani ya chupa, kwenye oveni ya moto mdogo. Mwisho alitia magadi.

Na kweli alipunguza. Majken alimwona kwa macho yake akipima nusu ya tumbaku. Ndiyo maana hofu ilimzidi. Tumbaku imepungua, moyo bado unakwenda mbio. Sasa akawa anamfuata hata bandani, asije akaanguka tena peke yake.

Siku hiyo alimwita jirani yao, Yrsa. Mama huyo alifanya kazi miaka mingi kwenye maabara ya kupima tumbaku. Alifungua chupa ya ugoro, akanusa. Ukali wake ukamtoa machozi.

"Sixten, umetia nini humu?"

"Tumbaku nusu. Muulize Majken."

"Na magadi?"

Sixten akajikuna shingo. "Mara mbili. Bila hivyo hauumi. Lakini magadi si tumbaku, bwana."

Majken akaweka kikombe chini. Hilo hakuambiwa.

Yrsa alitoa vipande viwili vya karatasi inayobadilika rangi kwa ukali wa magadi. Kimoja alikichovya kwenye maji ya bomba, kikawa kijani. Cha pili alikichovya kwenye ugoro uliokorogwa na maji. Kikawa buluu, karibu na nyeusi.

"Kinachokimbiza moyo ni nikotini," alisema. "Ndani ya tumbaku, nyingi imefungwa, haipiti upesi kwenye fizi. Magadi huifungua. Ukiyazidisha, inaingia kwenye damu haraka. Ndiyo maana maabarani hatukupima tumbaku peke yake. Tulipima na ukali huu."

"Kwa hiyo nusu yangu..."

"Inaweza kukupiga kuliko ugoro mzima wa baba yako."

"Basi nirudishe magadi ya zamani."

"Nikotini itakuwa bado imo, na sumu nyingine pia. Acha, Sixten. Na daktari umwambie yote, hata ya magadi."

Majken alimgeukia mumewe kwa hasira. "Mimi nakuhesabia moyo, kumbe wewe unaupikia sumu."

"Niliogopa," Sixten alisema polepole. "Sijui kuishi bila ugoro."

Kesho yake walikwenda wote wawili kwa muuguzi anayesaidia watu kuacha tumbaku. Majuma ya kwanza yalikuwa mabaya. Sixten aligombana na kila mtu, hata na koleo la theluji. Lakini chupa haikurudi kwenye oveni.

Theluji ilipoyeyuka, Majken alimshika mkono kama kawaida.

"Sabini na nne," alisema.

Kahawa ikachemka. Mkono bado ameushika.

"Si umeshamaliza kuhesabu?" Sixten aliuliza.

"Nimemaliza," alisema Majken, akamimina kahawa kwa mkono mwingine.