Mkono wa Bibiana

Kulipopambazuka, Mwanaheri alikuwa ameshaanza kuteremka mlima na mtungi wake kichwani. Huku juu Newala hakuna kisima. Maji yako bondeni, na kupanda nayo ni kazi ya kukata pumzi. Wanawake wa Newala huongea sana wakati wa kuteremka. Wakati wa kupanda hunyamaza wote.

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, lakini njaa ilikuwa bado haijatoka majumbani. Mwanaheri na mumewe, Hamidu, walikuwa na binti mdogo, Fatu, na shamba la mihogo. Shamba hilo ndilo lilikuwa tumaini lao. Basi siku moja Hamidu akilima, jembe liliteleza, likamkata mguu chini ya goti. Akapaka majivu, akabandika majani ya tumbaku, akaendelea kulima. Kichwa chake kilikuwa kigumu kuliko hilo jembe. Kidonda kikaanza kuoza.

Nyumba ya dawa ilikuwapo, ya wamisionari. Muuguzi wake alikuwa mmoja tu, Mwingereza aitwaye Ethel. Watu walimwita Bibi. Alikuwa na msaidizi, Bibiana, Mmakonde wa hapo hapo, ambaye Bibi alimfundisha kuosha na kufunga vidonda. Lakini hakuna aliyemtaka Bibiana. Kila aliyefika barazani alisema, "Mimi nataka mkono wa Bibi."

Kosa hili lilikuwa na asili yake. Kwa watu wale, kila dawa ilikuwa na mkono wake. Mganga akizeeka, alimwita mrithi, akamshika mkono mbele ya watu, akamkabidhi mkoba. Asiyekabidhiwa, dawa yake ilikuwa majani tu. Na Bibiana hakuna aliyemwona akikabidhiwa. Basi yeye akawa mtu wa kufagia na kuchota maji, na Bibi akawa anaosha vidonda vya watu wote peke yake. Uji wake wa asubuhi ulipoa mezani kila siku.

Asubuhi moja Bibi alipiga magoti mbele ya Hamidu ili amfungue kitambaa cha mguu. Akainama kama mtu anayesinzia, akashindwa kuinuka. Ilikuwa homa, na uchovu wa siku nyingi. Wanaume wakambeba kwa machila kumpeleka Masasi, kwa wamisionari wenzake.

Bibiana akanyoosha mkono aendelee na kile kitambaa. Hamidu akauvuta mguu wake. Alisema atamngoja Bibi.

Akangoja. Mguu ukavimba mpaka gotini. Mwanaheri alisikia harufu ya kidonda akiwa nje uani, na hofu ikamshika kweli kweli. Alijua kwamba mguu ukiharibika, huenda mumewe akafa. Na hata akipona bila mguu, mihogo haitakuwa na wa kuilima. Alipoteremka bondeni hakuongea na mtu. Akamkuta Bibiana kisimani, amekaa kando ya mtungi wake, ameshika tama. Wawili hawa walichezwa unyago pamoja, kwa hiyo hawakuwa na haja ya kuzungushana maneno.

"Mwenzangu, Baba Fatu anaoza mguu," alisema Mwanaheri. "Mkono unao au huna?"

"Mkono ni wa kujifunza," Bibiana alijibu. "Bibi alinifundisha kama mama yako alivyokufundisha kupika. Kidonda hakiulizi jina la anayekiosha. Kinataka maji yaliyochemka, kitambaa safi, na mtu ambaye hajachoka. Lakini mimi nikimaliza kupandisha maji, siku imekwisha. Nitaosha vidonda saa ngapi?"

Mwanaheri alijitwisha mtungi wake, na badala ya kwenda nao nyumbani, akaupeleka nyumba ya dawa.

Hamidu aliletwa kwa shingo upande, ameegemea bega la mkewe. Alipoona chungu kinachemka, alikunja uso.

"Maji ya dawa tuliyasikia vitani," alisema. "Tuliambiwa yatazuia risasi. Ndugu zangu wamelala huko."

"Haya hayazuii risasi, Baba Fatu," alisema Bibiana taratibu. "Wala hayana siri. Ni maji ya bondeni, yamechemshwa na chumvi. Yanaondoa uchafu, basi."

Mwanaheri akamwambia mumewe wazi kwamba anaogopa, na kwamba hataki kuwa mjane kwa ajili ya kungoja mkono ulioko Masasi. Hapo Hamidu akaunyoosha mguu.

Bibiana alinawa mikono kwa sabuni kwanza. Akayaacha maji yapoe kidogo, akaosha kidonda, akatoa majivu na uoza wote. Akafunga kitambaa kilichochemshwa na kuanikwa juani. Akamkataza Hamidu kubandika tumbaku, akamwagiza ainue mguu akilala na arudi kila siku. Hamidu aliuma meno akanyamaza, ingawa Fatu aliwaambia majirani kwamba baba alilia.

Uvimbe ukashuka. Harufu ikaisha. Nyama mpya nyekundu ikaanza kuota. Watu wakaanza kuja kwa Bibiana, kila mmoja akijidai anapita tu.

Lakini maji hayakutosha. Tena jumbe wa kijiji, Mahmudu, alikuwa akimwita Bibiana kwenda kulima barabara ya Wadachi, Wajerumani waliotawala nchi, kama watu wengine. Mwanaheri akamwendea, akampa shikamoo yake, akaketi chini.

"Jumbe," alisema, "mtu mmoja hawezi kuwa bondeni, na barabarani, na kwenye kidonda. Kuuguza nako ni kazi. Tunaomba nako kuhesabiwe."

Jumbe alikuwa na jipu shingoni, kwa hiyo hakufikiri sana. Aliamua Bibiana asiitwe tena barabarani. Kila mgonjwa aje na mtungi wa maji, na asiye na nguvu aletewe na jirani. Wasichana wawili nao wakatolewa wafundishwe kuuguza, ili Bibiana naye asije akaanguka.

Bibi alirudi kutoka Masasi akiwa amekonda. Alikuta mitungi imepangwa barazani, na Bibiana na wasichana wake wanaosha vidonda. Akasimama mlangoni, machozi yakamlengalenga. Kisha mazoea yakamvuta. Akapiga magoti mbele ya Hamidu, akanyoosha mkono kwenye kitambaa.

Hamidu akauvuta mguu wake.

"Samahani, Bibi," alisema. "Mimi nangoja mkono wa Bibiana."

Bibi akainuka, akaushika mkono wa Bibiana mbele ya watu wote, akasema asante. Mila ile hakuijua, lakini wazee walitazamana na kutikisa vichwa wakikubali.

Mwanaheri alikuwa na shukrani nyingi, akakosa pa kuanzia. Akamketisha Bibi kivulini, akamletea bakuli la uji. Bibi akaunywa wote, ukiwa bado wa moto.