Kipande cha Kumi na Tatu

Kila akitoka shule, Yunia alipitia kwenye cherehani ya shangazi yake Feresita, pale Bwera, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo. Siku hiyo walikuwa wanamalizia bendera ya Kroatia. Muuguzi Dubravka, Mkroatia aliyekuwa akiwatibu wanafunzi, alikuwa anarudi kwao, na kesho shule ingemuaga kabla hajapanda gari la Kasese.

Yunia alipewa kazi ya kupiga pasi na kupanga vipande vya ngao ya katikati: kumi na vitatu vyekundu, kumi na viwili vyeupe. Juu ya ngao, shangazi alikuwa ametarizi taji la ngao ndogo tano. Katika moja alisimama mbuzi, katika nyingine alikimbia mnyama mwembamba kama nguchiro. Yunia aliwatazama mpaka akawaona wanashuka milima ya Rwenzori polepole, ukungu ukiwafunika miguu.

Harufu ya kuungua ikamzindua. Pasi ya makaa ilikuwa imetoboa kipande kimoja chekundu, na kitambaa chekundu kilikuwa kimekwisha.

Akawaza. Kitambaa cheupe kilikuwa bado kipo; akikata kimoja zaidi na kuanza na cheupe pembeni, vyekundu kumi na viwili vingetosha. Akavipanga hivyo, na shangazi, mwenye haraka ya sare za watu, akavishona bila kuhesabu.

"Nani atajua?" rafiki yake Medius alimcheka jioni alipomsimulia. "Sisi huku tunajua korongo wa bendera yetu tu. Wewe endelea kuota."

Asubuhi Mwalimu Yafesi aliwaeleza darasani, "Zamani bendera yao ilikuwa na nyota nyekundu. Mwaka 1990 wakaitoa, wakarudisha ngao ya kale. Mwanzoni wengine waliianza na nyeupe. Lakini wakati wa Vita Kuu ya Pili, utawala katili ulikuwa umetumia ngao inayoanza hivyo. Babu yake muuguzi wetu aliuawa na utawala ule. Siku hizi inaanza na nyekundu."

Kengele ya mapumziko ilipolia, Yunia alikimbia hadi kwa shangazi.

"Shangazi, niliunguza kipande, nikakuficha."

Akamsimulia pia aliyosema mwalimu kuhusu nyeupe na babu yake muuguzi. Feresita akaivuta bendera. "Ungesema jana tungefumua kwa raha. Kaa, shika wembe."

Kisha akavua kilemba chake chekundu, akakikata.

"Hicho si cha kanisani?"

"Mungu ananijua hata bila kilemba."

Mchana muuguzi Dubravka aliikunjua bendera. Kidole chake kikaenda kwenye kipande cha kwanza pembeni, chekundu, kikatulia pale. Akatabasamu, macho yamelowa.

Gari lilipoondoka, Feresita alimshika Yunia bega. "Kuota si kosa, mwanangu. Hata mimi huota nikishona. Kuunguza nako kunasameheka. Lakini ulipoficha, kidogo tumshonee mtu maumivu yake tukiyaita zawadi. Siku nyingine niletee kipande kikiwa bado cha moto."