Dawa ya Kupe kwenye Mawaridi

Kila jioni, akisha kuteka maji mtoni, Gati alikuwa na kazi moja ambayo hakuna msichana mwingine kijijini aliyekuwa nayo. Wenzake walisaga mtama, waliokota kuni na kubeba wadogo zao mgongoni. Yeye aliyafanya hayo yote, kisha akachukua bakuli la maji ya sabuni na kitambaa kikuukuu, akaenda kuosha maua.

Yalikuwa mawaridi mekundu, vichaka vitatu, mbele ya nyumba yao katika kijiji kipya cha ujamaa huko Kenyamonta. Majirani waliyacheka. "Mama Nikodemo analima kitu kisicholiwa na mtu wala ng'ombe!" walisema. Walicheka, lakini kila aliyepita alisimama kuyatazama.

Philomena, mama yake Gati, hakuyapanda kwa ajili ya urembo. Mtoto wake wa kwanza, Nikodemo, alikufa kwa surua kabla Gati hajazaliwa, akazikwa kwenye boma lao la zamani, ng'ambo ya mto. Juu ya kaburi mama alipanda waridi alilopewa na masista wa misheni. Mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijijini, lori lilifika asubuhi. Wengine walipakia vinu, magunia na milango ya nyumba zao. Philomena alikata vijiti vya waridi, akavifunga katika kanga iliyolowa maji, akavipakata njia nzima.

Sasa boma lile lilikuwa pori. Kaburi lilikwisha kukanyagwa na mifugo, na waridi la kwanza lilikwisha kufa. Hata misheni hakukuwa na mawaridi tena, kwani masista waliyang'oa walipojenga darasa. Kila Siku ya Marehemu, mwezi wa Novemba, Philomena alikata maua yake akayapeleka kigangoni, akayaweka mbele ya altare kwa jina la mwanawe.

"Picha yake sina," alimwambia Gati. "Nguo zake zilichakaa. Nina maua haya tu."

Miaka miwili baada ya kuhamia, wadudu wakaingia. Vilikuwa vidudu vya kahawia, vya mviringo, visivyotembea. Vilijibandika kwenye mashina vikanyonya, majani yakanata na kugeuka manjano, na sisimizi wakapanda na kushuka mchana kutwa. Philomena alikwenda kuwauliza masista, akarudi na jibu ambalo halikumfurahisha Gati hata kidogo. Njia ya mkato haikuwapo. Kila shina lifutwe kwa maji ya sabuni, jani juu na chini, mdudu mmoja mmoja, na chini ya mti yamwagwe majivu kuwazuia sisimizi.

"Mpaka lini, mama?" Gati aliuliza.

"Mpaka waishe."

Mawaridi yana miiba, na Gati hakupenda kuchomwa. Aliyafuta vizuri mashina ya mbele, yale ambayo mama aliyaona akiwa mlangoni. Ya nyuma aliyapitishia kitambaa tu. Wadudu wa nyuma walizaliana, wakahamia mbele, na mama akazidi kuhuzunika. "Wadudu hawa ni wakaidi," alisema. Ukweli usemwe: wadudu hawakuwa wakaidi. Mvivu alikuwa Gati.

Jioni moja alipita Magige, mwanafunzi mwenzake wa darasa la tano. Baba yake, mzee Kisyeri, ndiye aliyekuwa mwangalizi wa josho la kijiji, kule ng'ombe walikoogeshwa dawa ya kupe. Magige aliinama akachungulia shina.

"Hawa si kupe hawa?"

"Ni wadudu wa maua," Gati alijibu.

"Kupe tu. Tazama, kamenyonya mpaka kamevimba. Ng'ombe wa baba yako akipata kupe, mnamfuta kwa kitambaa?"

"Tunampeleka josho."

"Sasa maua yamekosa nini?" Magige alicheka. "Ukikaa na sabuni yako hapo utazeeka. Nitakuletea dawa."

Katika nchi ile mtoto huwajua ng'ombe kabla hajajua herufi. Gati aliona Magige ana akili kuliko masista. Kesho yake, mama akiwa kwenye shamba la ujamaa, Magige alileta kopo la dawa aliyoichota kwenye debe katika ghala la josho, kabla haijachanganywa na maji. Mzee Kisyeri hutia dawa kidogo katika maji mengi ya josho. Magige alilijua hilo, ila aliona dawa ikiwa kali zaidi ndiyo itakayoponya zaidi.

Gati alimwaga yote, juu ya mashina na kwenye mizizi. Harufu yake ilimchoma pua, naye akafurahi, akidhani kwamba nguvu ndiyo inayonuka hivyo.

Asubuhi wadudu walikuwa wamekauka, na sisimizi hawakuonekana. Philomena alimshika mwanawe mabega. "Umefanya kazi, Gati! Mikono yako imemwokoa Nikodemo." Gati alitabasamu, akanyamaza.

Furaha ile haikudumu. Majani yaliungua kingo, yakawa meusi, yakadondoka. Machipukizi yalijikunja. Philomena aliyamwagia maji, akapunguza matawi, akapiga magoti akafukua udongo kwa vidole akitafuta mchwa. Hakuona kitu. Vichaka vyote vitatu vilikauka mbele ya macho yake. Siku moja Gati alimkuta amekaa chini kando yake, machozi yakimtoka bila kuyafuta. Gati alisikia moyo ukimuuma sana. Alitaka kusema, lakini aliogopa, akaenda kusaga mtama.

"Ni Mokami," mama alisema mwishowe.

Mokami alikuwa jirani yao wa tangu boma la zamani. Walikuja katika lori moja, na siku chumvi ilipokosekana waligawana kijiko.

"Alisimama pale juzi juzi," mama aliendelea. "Akasema maua yangu yanang'aa hata macho yake hayataki kuondoka. Jicho lake limeyaua."

"Labda ni wadudu, mama," Gati alinong'ona.

"Wadudu uliwamaliza wewe. Ni jicho."

Tangu siku hiyo Philomena hakumsalimu Mokami. Mokami alikuja kuomba moto, akarudi na kigae kitupu. Alimwuliza Gati njiani, "Mwanangu, nimemkosea nini mama yako?" Gati alitazama chini, akasema hajui. Uongo wa kwanza ulikuwa wa kunyamaza; huu wa pili ulitoka mdomoni kabisa.

Mvua za vuli zikanyesha. Jioni moja Gati alirudi kutoka shamba la shule akakuta ugali wa mtama umeshapakuliwa na chungu cha mboga kiko chini. Baba yake, Waitara, alikuwa akinawa mikono. Stanslaus, mdogo wake aliyekuwa hajaanza shule, alikuwa amekwisha kukata tonge.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba. Nawa tule, ugali usipoe."

"Mboga umechuma wapi, mama?"

"Hapo mbele. Ule mmea wa maboga umetambaa mpaka kwenye yale maua. Mvua imeuchipusha vizuri."

Gati aliikumbuka dawa ilivyoingia kwenye udongo ule. Alikumbuka pia mzee Kisyeri alivyowafukuza watoto josho kwa fimbo, akiwaambia kwamba dawa ile haichagui kupe wala mtu.

"Mboga zinanuka," alisema haraka.

Mama alinusa. "Hazinuki. Kaa chini."

Gati alifikiri kukipiga chungu teke na kusingizia kujikwaa. Lakini kesho mama angechuma tena, na kesho kutwa pia. Stanslaus alinyoosha mkono na tonge lake.

"Mama, asile!" Gati alipiga kelele, akamdaka mdogo wake mkono. "Ina sumu! Nilimwaga dawa ya josho kwenye maua. Mokami hakufanya kitu. Ni mimi!"

Waitara alisimama, akakichukua chungu, akatoka nacho. Alichimba shimo mbali na mto, akafukia mboga na chungu chenyewe. Kisha aling'oa mmea wote wa maboga, akazungushia miiba sehemu ile ili mtu wala mbuzi asiisogelee. Stanslaus alilia kwa njaa, akapewa ugali mkavu na chumvi. Philomena alimwangalia mtoto huyo akila.

Gati alingoja kupigwa. Angependa apigwe, yaishe. Lakini mama aliuliza jambo moja tu.

"Na Mokami alipokuja kuomba moto, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

Kesho yake asubuhi walikwenda wote wawili. Gati alieleza mwenyewe, akilia. Philomena akasema, "Mokami, nimekukosea. Nisamehe." Mokami alisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama mlangoni.

"Nimesikia, Mama Nikodemo," alisema. "Ulinifikiria mchawi mimi, niliyemwosha mwanao siku aliyokufa." Hakuwakaribisha ndani.

Mzee Kisyeri aliletewa habari. Magige alikiona cha moto, na ghala la dawa likafungwa kwa kufuli. Afisa kilimo alipopita alikagua udongo, akasema kitu cha kuliwa kisipandwe pale kwa muda mrefu. Philomena alimwuliza kama kuna kijiti hata kimoja cha waridi kinachoweza kuchipua. Afisa alikwangua gome huku na huku kwa kisu, akatikisa kichwa. Vyote vilikuwa vimekufa hadi kwenye mizizi.

Siku ya Marehemu ikafika. Gati alimkuta mama amesimama mlangoni amevaa kanga yake safi, hana kitu mkononi.

"Mama, Nikodemo tutampelekea nini?"

"Hatuna kitu, Gati. Tutakwenda hivi hivi."

Gati alianza kulia. Mama hakumbembeleza, wala hakumkaripia. Alimketisha kizingitini, naye akaketi kando yake.

"Sikiliza, mwanangu. Sitakudanganya kwamba nimesahau. Maua yale sitayapata tena, na nitayalilia mpaka nizeeke. Ungewafuta wadudu wale kidogo kidogo, leo tungekuwa nayo. Ungesema siku ile yalipoungua, tungeyapoteza maua tu. Ulinyamaza, nikampoteza na jirani. Ungenyamaza jioni moja zaidi, leo ningekwenda kanisani kuwaombea watoto wawili, au pengine asingebaki hata wa kuniombea mimi. Kukosa utakosa tena, kila mtu hukosa. Lakini ukikosa, sema siku hiyo hiyo, hata kama utapigwa. Fimbo huuma ikapoa. Kuna mambo yakishapita, hata ukisema kweli hayarudi."

Aliinuka, akamwita Stanslaus. Alimshika mkono mmoja, wa pili akampa Gati aushike, wakaelekea kigangoni.