Bahasha ya Izmir

Clive Escreet alikwama getini Jumamosi saa nane na dakika arobaini mchana, mbele ya watu wasiopungua mia mbili waliokuwa wanawahi mechi ya raga. Lile geti la chuma la kuzunguka lilitengenezwa zamani, enzi za watu waliolala njaa, na Clive alikuwa na kilo mia moja na sabini. Tumbo lilipita, kiuno kikagoma. Mbele haendi, nyuma harudi.

"Ingia au toka, baba, pai yangu inapoa!"

Watu wakaangua kicheko. Clive akageuza shingo, maana hicho ndicho kitu pekee alichoweza kugeuza, akamwona mwanamke wa makamo, koti jekundu, hereni za duara kubwa kama bangili, pai ya nyama mkononi inafuka moshi.

"Samahani, dada. Geti limenipenda."

"Limekupenda mno, halikuachii. Vuta pumzi ndani. Ndani, nimesema! Sasa nakusukuma, na ukianguka usinilaumu."

Akamkabidhi pai mtu wa nyuma, akaweka viganja viwili mgongoni kwa Clive, akasukuma kama anayesukuma gari bovu. Geti likalia kwii, Clive akatokea upande wa pili. Jamani, watu walipiga makofi! Mtu wa miaka hamsini na minne, fundi wa kuheshimika, anayefunga masinki kwenye nyumba za magurudumu pale kiwandani Hull, Uingereza, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mwanamke akapita geti kirahisi, akachukua pai yake, akamtazama juu mpaka chini.

"Naitwa Lorraine. Umenimaliza nguvu, kwa hiyo chai unanunua wewe."

Timu yao ilichapwa vibaya siku hiyo. Wao wala hawakuona.

Jumatatu Clive akaenda kwa daktari wake kupima sukari, kama kila mwezi. Dirisha la mapokezi lilikuwa na mtu mpya, aliyehamishwa kutoka tawi la ng'ambo ya mto. Nyuma yake, kwenye msumari, limetundikwa koti jekundu.

"Jina na tarehe ya kuzaliwa," akasema Lorraine, uso mkavu.

"Jina langu unalijua."

"Hapa kazini sikujui, bwana. Jina na tarehe." Kisha akainama karibu na kioo. "Saa kumi na mbili njoo ule. Uje na njaa."

Akaenda na njaa. Tangu siku hiyo mapenzi yakashika kasi kama ya vijana. Kila mchana simu ya Clive ililia katikati ya mabomba.

"Tembo wangu, umekula?"

"Nimekula mkate."

"Mkate ni chakula cha ndege. Jumapili nakuchomea nyama, na viazi vya kuoka, na mchuzi mzito. Nataka sahani irudi nyeupe."

"Utaniua wewe mwanamke."

"Nikuue nibaki na nani?"

Alipenda kumkumbatia Clive kwa nyuma akiwa anaosha vyombo. Mikono yake haikufika mbele, ikaishia ubavuni, naye akaegemeza shavu mgongoni akasema, "Nikikushika hivi najua upo."

Maana Lorraine alikuwa mjane. Alimsimulia Clive mwenyewe, kitandani, amegeukia ukutani. Mumewe Neville alianza kukonda, akiulizwa anajibu, "Najipunguza tu, mpenzi." Miezi mitano anasema hivyo, na barua ya saratani kaificha kwenye boksi la viatu. Ilipokuja kujulikana zilibaki wiki tatu.

"Nidanganye kingine chochote," akasema. "Niambie nimependeza wakati sijapendeza. Lakini mwili wako usinidanganye, Clive. Niahidi."

"Nakuahidi."

Na alipoahidi alimaanisha, Mungu anamwona.

Lakini Dkt. Wijeratne, daktari wake kwa miaka kumi na minane, alimwambia mwezi wa tisa kwamba moyo wake unabeba mzigo wa watu wawili na sukari inapanda. Foleni ya upasuaji wa kupunguza tumbo hospitali ya serikali ilikuwa ya miaka. Clive akatoka pale akiwaza jambo moja tu: Lorraine atavaa nyeusi mara ya pili, na safari hii kwa sababu yangu. Akimwambia anakwenda kupasuliwa atakataa, alishaapa hatakaa tena kwenye kiti cha nje ya chumba cha upasuaji. Basi akaona afanye kwanza, apone, ndipo aseme. Wanaume na akili zao!

Oktoba akaaga anakwenda Scotland kuvua samaki na kaka yake Trevor. Akapanda ndege kwenda Izmir, Uturuki. Wakamkata robo tatu ya tumbo la chakula. Siku ya pili, kalala na mirija, simu ikalia.

"Tembo wangu! Samaki wanasemaje?"

"Wa... wamekataa kutoka."

"Mbona sauti imekwisha? Na huo wimbo gani nausikia?"

Nje ya dirisha ilikuwa adhana ya alasiri, msikiti uko ng'ambo ya barabara.

"Trevor kawasha redio."

"Ana ladha nzuri leo. Ni mzuri huo wimbo. Mwambie asizime." Wakakaa kimya, kila mtu na simu sikioni, wakausikiliza mpaka ukaisha. Clive akalia bila sauti, akisingizia mshono.

Siku ya kuondoka, daktari wa Izmir akampa bahasha ya kahawia. "Hii mpelekee daktari wako wa nyumbani, mapema. Damu ipimwe, vitamini upewe, maisha yako yote. Tumbo hili halifyonzi tena kama zamani. Asipojua, hawezi kukulinda."

Neno jepesi kabisa. Lakini pale kwao kila karatasi ya daktari hupitia mapokezi, inasomwa na kuingizwa kwenye kompyuta, na aliyekuwa anaziingiza ni Lorraine. Kumwambia daktari ni kumwambia Lorraine. Bahasha ikalala chini ya kiti cha gari, na miadi ya sukari ya kila mwezi Clive akaikwepa. Novemba ikapita. Desemba ikapita. Clive akapungua kilo thelathini, kisha hamsini. Nywele zikaanza kubaki kwenye taulo.

Jumapili ya kwanza ya Januari Lorraine aliweka nyama mezani. Clive akala vijiko vitatu, akasukuma sahani.

"Hujala."

"Nimeshiba."

"Hushibi siku hizi, unashibishwa. Na nini?" Alivua aproni polepole. "Nenda kwa daktari, Clive."

"Nimeshaenda."

"Hujaenda! Nakaa pale dirishani kila siku, unanidanganya mimi? Una nini?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Bahasha iko nje, hatua kumi, mlango wa gari haujafungwa. Clive akafungua mdomo, na maneno yaliyotoka yalikuwa yale yale.

"Najipunguza tu, mpenzi."

Lorraine akashika ukingo wa meza. Hakupiga kelele. Alichukua sahani, akaimwaga ile nyama yote kwenye pipa, akasema anaumwa kichwa, aende tu nyumbani kwake.

Baada ya hapo Lorraine hakupokea simu za Clive. "Loz, mimi hapa. Nipigie." Kimya. "Loz, hata unitukane tu." Kimya.

Wiki mbili baadaye ikaja barua kutoka ofisi ya daktari. Mfanyakazi wetu mmoja amefungua faili lako bila sababu ya kikazi. Tunaomba radhi. Je, ungependa hatua zichukuliwe? Chini yake visanduku viwili, ndiyo na hapana.

Damu ikamchemka. Wamefungua wacheke! Alimkumbuka yule msichana wa mapokezi aliyewahi kuziba mdomo Clive alipopanda mizani. Maisha yake yote watu walikuwa wamemcheka, shuleni, kwenye basi, getini. Akachukua kalamu, akatia tiki kwenye ndiyo, akaipeleka posta siku ile ile. Lorraine hakumjia akilini hata kidogo.

Mwisho wa Januari alianguka kazini, ndani ya choo cha nyumba ya magurudumu ambacho zamani asingeweza hata kuingia. Miguu ilikuwa na ganzi. Alipozinduka alijiambia basi, liwalo na liwe. Akatoa bahasha chini ya kiti, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati. Aliamua kumpa Lorraine mwenyewe, mkononi, pale pale dirishani, mbele ya foleni yote.

Dirishani alikuta mtu asiyemjua. Kwenye msumari hapakuwa na koti.

"Nilipasuliwa tumbo," akamwambia daktari kabla hajakaa. "Uturuki. Oktoba."

Dkt. Wijeratne akaweka kalamu chini, akafungua bahasha, akaisoma yote bila haraka.

"Tangu Oktoba nani anakupima damu?"

"Hakuna."

"Miguu inakufa ganzi? Kutapika? Nywele?"

"Vyote."

"Leo tunaanza sindano, na damu inachukuliwa sasa hivi. Umecheza na mishipa yako, Clive, ila naona tumekuwahi." Akavua miwani. "Mimi ningekufanya nini? Ningekupigia kelele? Huko kwenda ulikwenda kwa sababu foleni yetu ni ndefu, hilo nalijua. Ungeniambia siku ya kwanza."

"Barua zote zinapita kwa Lorraine. Sikutaka ajue. Mbona hayupo? Anaumwa?"

Daktari alivaa tena miwani. "Mambo ya wafanyakazi siruhusiwi kuyasema." Akageuza kompyuta kidogo ili aandike, na pale kwenye faili lake Clive akaiona fomu yake aliyoirudisha, na tiki yake mwenyewe, nene, ya hasira. Ikamchukua muda kuelewa. Ilipomwingia, alishika kichwa kwa mikono miwili, na nesi aliyekuja kumtoa damu ilibidi asubiri.

Alimkuta Lorraine nje kwake anafuta madirisha, kitambaa kichwani, hana hereni. Lorraine alimwona kwenye kioo, hakugeuka.

"Umepungua tena."

"Lorraine, siyo saratani."

"Najua. Nililifungua faili lako saa nne asubuhi, wenzangu wote wananiona. Nilijua kompyuta inaandika nani kafungua nini. Nikasema potelea mbali, nijue tu anakufa lini, safari hii nijiandae." Akaendelea kufuta pale pale palipokwisha kutakata. "Nikakuta hamna kitu. Sukari na magoti, basi. Nililia kwa furaha, Clive, wagonjwa wananishangaa. Halafu furaha ikaisha, nikajiuliza, kama huumwi, unamkondea nani?"

"Nimekukondea wewe."

Akamweleza yote, Izmir, mirija, bahasha. Na ile redio ya Trevor. Lorraine akakaa kwenye ngazi.

"Nilitaka usizike mume wa pili," Clive akasema.

"Na ile tiki? Nayo ulinitilia mimi?"

"Nilidhani wananicheka. Nakuapia sikujua ni wewe."

"Miaka kumi na tisa ya kazi, hapa na kule ng'ambo ya mto. Labda wangenionya tu, labda wangenifukuza hata ungesema hapana. Hatutajua. Lakini siyo hilo. Kazi nimepata, nauza mikate." Sauti ikakatika. "Neville alinitazama usoni akasema najipunguza tu. Nilikusimulia mwenyewe. Ulikuwa unajua uzito wa maneno hayo, na ukachagua hayo hayo."

"Nirudie, Loz. Sitakuficha tena kitu."

"Nakupenda, mjinga wewe. Hilo ndilo linaloniua. Lakini kila utakapoacha chakula nitakuwa nahesabu mifupa yako, na kila ukisema umeshiba nitatafuta boksi la viatu. Siwezi tena. Moyo wangu umekataa, nimeusihi umekataa."

Akasimama, akamgeuza Clive mabega, akamkumbatia kwa nyuma kama zamani. Mikono ikafika mbele, ikakutana, ikapitana. Akaanza kulia.

"Unaingia wote," akasema mgongoni mwake. "Nilikupenda ulivyokuwa unabaki nje."

Walisimama hivyo mpaka jirani akatoka kuchukua maziwa yake mlangoni.

"Dawa za Wijeratne unakunywa?"

"Nakunywa. Na sindano."

"Usiache hata siku moja." Akaingia ndani, akafunga mlango taratibu, na Clive akasikia komeo.

Msimu mpya ulipoanza, Clive alikwenda uwanjani peke yake, koti likimpwaya. Foleni ilikuwa ndefu, geti ni lile lile. Safari hii lingepitisha wawili wa saizi yake. Alisukuma chuma, kikazunguka nusu, na pale katikati akasimama. Hakuguswa na kitu kushoto wala kulia. Alisimama tu, akisikiliza nyuma yake.

"Vipi, kaka?" akauliza mwanaume mmoja kwenye foleni. "Umekwama?"

"Ndiyo," Clive akasema. "Nivumilie kidogo."