Kompyuta Kuukuu Mia Nne

Kila asubuhi, kabla ya chai, mpimaji alichomeka mita yake ndogo ya umeme ukutani na kunakili tarakimu za jana daftarini. Kampuni ilimwajiri akadirie hewa ukaa inayotokana na kila kifaa cha ofisi, tangu kinapoundwa kiwandani hadi kinapotupwa. Asubuhi hiyo hakuifikia tarakimu ya pili. Simu iliita: fundi wa karakana ya kompyuta kuukuu.

"Mpenzi," alisema kwa sauti ya chini, maana wenzake walikuwa karibu.

"Leo usiniite mpenzi," fundi alijibu. "Nimeisoma ripoti yako."

Hakuwahi kuisikia sauti ile ikiwa baridi. Miezi minne iliyopita, katika msongamano wa watu wanaogombea lifti, mwanamume mwenye ovaroli ya bluu iliyonyooshwa pasi kama suti ya bwana harusi alisimama kando yake, amebeba kompyuta tatu kuukuu hadi kidevuni. "Dada wa sketi ya njano," alimwambia, "nibonyezee ghorofa ya sita, mikono yangu ina wageni." Mpimaji alicheka hadi akapitiliza ghorofa yake mwenyewe. Tangu siku hiyo simu ya mchana haikukosa.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umenikumbuka?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani? Si wewe mpimaji?"

Leo hakukuwa na utani.

"Umeandika kwamba kompyuta ninazozifufua zinachafua hewa mara mbili ya mpya," fundi alisema. "Saa nne meneja anasaini kununua mpya mia nne. Mafundi wenzangu watano niwaambie nini?"

"Nilipima mwenyewe, karakanani kwako. Ile ya rafu ya mwisho, siku tatu."

"Rafu ya mwisho ni ya majaribio. Kila mashine tunaikimbiza siku tatu, usiku na mchana, hatuizimi. Kama ni kufa, ifie kwetu, isimfie mteja. Ofisi gani inafanya kazi hivyo? Ulijua. Umeniuza kwa wenye mashine mpya." Akakata simu.

Mpimaji alifungua ripoti. Zile mpya alizihesabia saa nane kwa siku, kama karatasi ya muuzaji ilivyosema. Za fundi alizihesabia saa ishirini na nne. Akarudia hesabu kwa saa sawa. Mzigo mkubwa wa kompyuta mpya ulikuwa kuundwa kwake: madini kuchimbwa, kiwanda kuwaka, meli kusafiri. Kuukuu zilikwisha kuulipa mzigo huo zamani. Kilichoongezeka ni betri na vipuri vichache. Zilitoka karibu nusu ya mpya.

Akampigia fundi mara tatu. Haikupokelewa.

Hakuwahi kufungua mdomo katika kikao; akiulizwa jambo, huahidi kuandika barua pepe. Mkataba wake wa majaribio ulikuwa unaisha mwezi huo. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemwamini fundi dhidi ya ripoti. Wazo hilo lilimtisha kuliko yote, kwa sababu lilikuwa rahisi.

Saa nne kasoro dakika mbili aliingia chumba cha mikutano, blauzi imemganda mgongoni. Meneja, mama mwenye suti ya kijivu isiyo na kunyanzi hata moja, alikuwa ameshika kalamu. Fundi alikaa mwisho wa meza, ameitwa kusikia uamuzi. Hakumtazama.

"Mama, naomba usisaini."

Vichwa vyote vikageuka. Akashika kiti.

"Kwa sababu gani?"

"Nilikosea. Nilipima mashine iliyokuwa kwenye majaribio, nikaihesabu kama ya ofisini. Sikuuliza mwenye karakana."

"Nani aliikagua ripoti?"

"Hakuna, mama. Kosa ni langu peke yangu."

"Na unajua mkataba wako uko mezani kwangu?"

"Najua."

Meneja alimkazia macho kwa muda uliomtosha kutubu dhambi zake zote, kisha akafunika kalamu. "Kesho asubuhi nataka hesabu mpya, iliyokaguliwa na mtu wa pili. Ikisimama, tunachukua kuukuu. La mkataba, tutaongea."

Fundi alimkuta kwenye ngazi, amejishikiza ukutani.

"Kumbe hukujua," alisema. "Nami nikakuhukumu kwenye simu. Nisamehe. Lakini kwa nini hukuniuliza? Kila mchana nipo sikioni mwako."

"Wewe ukigusa mashine unajua inaumwa wapi. Niliogopa utagundua kuwa mimi nina daftari tu."

"Daftari lenyewe lilitaka kuniua njaa." Alitabasamu nusu. "Na sasa unaogopa nini? Kazi?"

Watu walikuwa wakipanda na kushuka, wengine wakigeuka kuwatazama. Siku nyingine angeinama. Leo aliinua uso.

"Kazi nitatafuta nyingine. Naogopa utashuka ngazi hizi usirudi. Nakupenda, na ninataka kuwa mke wako."